Editha Lifti

Katika wasichana wote waliowahi kushika rungu la besiboli upande huu wa jiji, Editha Komba ndiye aliyekuwa hajui kupiga kuliko wote, na ndiye aliyekuwa hatoki mchezoni kuliko wote. Ukisikia hivyo utadhani unataniwa. Hutaniwi. Walikuwepo wenye nguvu, akina Tupokigwe, ambao waliupiga mpira ukavuka ukuta wa shule na kuangukia kwenye sufuria la mama ntilie, ugomvi ukaanza. Editha hakuwahi kuvunja hata kioo. Lakini mchezo ukiisha, ukiuliza ni nani aliyefika kituoni mara nyingi kuliko wenzake, jibu lilikuwa ni yuleyule mwembamba wa Buguruni, bukta imemzidi kiuno, kasimama kituo cha kwanza anajikung'uta vumbi na kuangalia pembeni.

Kwa jina la vitabuni mchezo wao uliitwa softiboli, maana ulikuwa wa wasichana na mpira wake ni mkubwa kidogo. Mtaani hakuna aliyejisumbua na hilo. Wengi waliuita besiboli, na waliobaki waliuita mpira wa rungu.

Leo Editha ni fundi cherehani Gongo la Mboto. Ana fremu yake ya biashara karibu na kituo cha mabasi, anashona sare za shule, na Januari hapati hata nafasi ya kujikuna. Ukimgusia habari za besiboli atakwambia alicheza kidogo zamani, basi, halafu ataikanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikie swali lako linalofuata. Si kwamba amesahau. Angesahau angekuwa na raha zake.

Ili umwelewe Editha, lazima kwanza umjue alipokuwa mtoto wa rede. Wasichana wawili wanasimama huku na huku wakirushiana mpira wa soksi, na wa katikati ana chupa mkononi. Kazi yake ni kuinama, kuchota mchanga, kujaza chupa, na papo hapo kuukwepa mpira unaotoka mbele na nyuma. Mpira ukimgusa, ametoka. Kwa Editha chupa ilijaa. Ilijaa, ikamwagwa, ikajaa tena, mpaka warushaji wakachoka mabega na kuanza kumtukania ukoo. Hakuwa na mbio za ajabu. Alichokuwa nacho ni macho. Mpira ukitoka tu mkononi mwa mtu, alikwishajua utapita wapi, na mara nyingi hakuhangaika hata kusogea, alikunja kiuno kidogo tu ukapita. Na kila alipojitupa chini, mkono wenye chupa ulibaki juu, wima, ili mchanga usimwagike. Hiyo ndiyo alama yake. Watoto wengine walimwiga wakashindwa.

Alipokuwa kidato cha pili ndipo Mwalimu Setsuko alipofika shuleni kwao, Temeke. Huyu alikuwa mama wa Kijapani mwenye mvi tele, amestaafu kwao, akaamua badala ya kukaa kulea maua aje kujitolea kufundisha hisabati kwa watoto wa Kitanzania wasioitaka. Kiswahili alikuwa amejifunza kitabuni, kwa hiyo mwanzoni alimwamkia kila mtu shikamoo, mpaka watoto wa shule ya awali ya jirani, nao walimwitikia marahaba bila aibu. Alikuja na begi kubwa lililojaa glovu na mipira. Wiki ya pili alikuwa amekwisha kuchora vituo vinne vya kukimbilia kwa chokaa kwenye uwanja wa gwaride.

Editha alipopewa rungu kwa mara ya kwanza, kila mtu alicheka. Alilishika kama mtu aliyeombwa kumshikia mwenzake mwavuli. Mipira mizuri ilimpita, na alipojaribu kuipiga alikata upepo. Lakini Mwalimu Setsuko hakucheka. Alikuwa ameona jambo ambalo wengine hawakuliona: mpira mbovu, ule unaokwenda pembeni au chini au juu ya kichwa, Editha hakuugusa kamwe. Wenzake walikuwa wanadanganywa na kila kitu, wanapiga hata mipira inayokwenda kwa majirani. Yeye alisimama tu akaiangalia ipite.

Na sheria ya mchezo ule ni hii: mrushaji akikurushia mipira mibovu minne bila wewe kuingia tamaa, unatupa rungu chini na kutembea zako mpaka kituo cha kwanza, bure, hakuna wa kukugusa. Wasichana waliliita jambo hilo kupewa lifti. Kabla muhula haujaisha, jina lilikuwa limeshamganda: Editha Lifti.

"Mwanangu," mama yake alimwambia siku moja aliyokuja kutazama, akiwa bado ananuka vitunguu alivyokuwa akiviuza sokoni Buguruni, "wenzio wanapiga. Wewe mbona unasimama tu, unasubiri gari?"

"Ndo mchezo wenyewe, mama."

"Haya. Ila usiwaambie watu kwamba unachezaga."

Mwalimu Setsuko, kwa upande wake, alikuwa mgonjwa wa wachezaji wa namna hiyo. Jioni baada ya mazoezi waliketi kwenye ngazi za ofisi ya walimu, naye akawahadithia habari za watu wa enzi za baba yake. Si wale wa kuupiga mpira ukapotea. Hao, alisema, wana watu wengi wa kuwahadithia. Yeye alimpenda bwana mmoja mfupi ambaye aliinama mpaka nafasi ya kumrushia ikabaki ndogo kama dirisha la choo, na warushaji wakalia naye. Alimpenda mwingine aliyegusagusa mipira pembeni, hiki hataki, kile hataki, mpaka mrushaji akaishiwa nguvu na kumpa njia. Na alimpenda sana mmoja ambaye hakuukimbia mpira ukija mwilini, aliupokea kwa mgongo, kwa sababu ukigongwa na mpira unapewa kituo vilevile. Mke wake alikuwa akimkanda kwa maji ya moto na kumwuliza kama hana kazi nyingine. Magazeti ya enzi hizo hayakuwaandika sana, kwa sababu magazeti yanapenda kelele. Mpaka walipozeeka ndipo watu walipokaa chini wakajumlisha, wakakuta timu zilizokuwa nao ndizo zilizoshinda.

"Mtu akiwa kituoni," Mwalimu alisema kwa Kiswahili chake cha polepole, "bado kuna mchezo. Editha anafika. Mimi ninampanga wa kwanza."

Tangu siku hiyo Editha akawa wa kwanza kushika rungu katika kila mchezo. Nani mwingine alikuwa amewahi kumpanga wa kwanza kwa lolote? Nyumbani alikuwa wa tatu kuzaliwa, darasani alikuwa wa kati huko ambako mwalimu hakujui kwa jina. Alianza kutembea kifua mbele. Alizifua raba zake kila jioni.

Tatizo lilikuwa moja, na halikuwa siri. Editha hakuweza kugongwa. Wenzake wote walikuwa wameshakula mpira wa bega au wa paja, wakatoa mlio na kuchechemea kwenda kituoni huku wanashangiliwa. Yeye mwili ulikataa. Yuliana, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alijitolea kumfundisha. Walikwenda nyuma ya madarasa na mpira laini, Yuliana akamrushia mbavuni taratibu, na Editha ameapa kabisa kwamba leo hasogei. Mpira ukitoka tu mkononi, yeye yuko chini.

"Wee Editha! Si nimekwambia usimame?"

"Nilisimama."

"Ulisimama wapi? Mie nakuona umelala hapo chini kama mkeka."

Walicheka mpaka machozi. Hakuna aliyeona kwamba ni jambo la kuogopa.

Fainali ilichezwa Jumamosi, dhidi ya shule iliyokuwa imelichukua kombe mwaka uliotangulia. Kanuni za mashindano yale zilisema kwamba mchezo ukiisha sare, kombe linabaki kwa bingwa. Duru ya mwisho ilifika wakiwa sare. Akina Editha ndio waliokuwa na rungu, vituo vyote vitatu vimejaa, na Yuliana ndiye aliyekuwa kituo cha tatu, hatua chache tu kutoka nyumbani, pale anaposimama mpigaji. Wawili walikuwa wametoka tayari. Akitoka wa tatu, basi. Na zamu ilikuwa ya Editha.

Uwanja mzima ulielewa maana yake. Vituo vikishajaa, anayepewa lifti anawasukuma walio mbele yake, na wa kituo cha tatu anaingia nyumbani, bao. Kwa hiyo Editha hakuhitaji kupiga. Alihitaji kufanya kile alichokuwa akikifanya kila siku. Mwalimu Setsuko alikaa kwenye benchi ametulia, kofia mapajani, kama mtu aliyekwisha kupokea habari njema.

Mpira wa kwanza ulikuwa mbovu. Wa pili ulikuwa mzuri. Wa tatu ulimponyoka mrushaji, mkono wake umelowa jasho, ukaja moja kwa moja kwenye mbavu za Editha.

Angesimama. Hicho tu. Angegeuza mgongo kidogo, apokee, alie, na Yuliana angetembea mpaka nyumbani huku anacheza. Macho ya Editha yaliuona mapema mno, yaliujua utafika wapi kabla haujafika, na mwili wake ukafanya ulichofundishwa Buguruni tangu akiwa na miaka sita. Alijitupa chini. Na mikono ikabaki juu, wima, imelishika rungu kama chupa ya mchanga. Mpira ukaligonga rungu, tok, ikahesabiwa kwamba amepiga, ukaanguka mbele ya mdakaji. Mdakaji aliuokota, akaweka mguu nyumbani kabla Yuliana hajafika. Wa tatu ametoka.

Wale wengine walikuwa wakirukaruka na kukumbatiana, naye bado alikuwa amelala kwenye vumbi na mikono juu.

Hakuna aliyemgombeza. Hilo ndilo lililokuwa baya. Yuliana alimwinua, akamfuta mashavu kwa fulana yake, akamwambia, "Twende zetu bwana." Lakini Editha hakuweza kumwangalia mtu. Aliondoka uwanjani kabla ya kupeana mikono, akatembea kwa miguu mpaka Buguruni, akaingia ndani ya chumba alichogawana na dada zake, nyuma ya pazia, akajilaza kifudifudi.

"Akija mtu," alimwambia mama yake, "mwambie nimeenda Mbinga. Bibi anaumwa."

"Koma! Unamchuria bibi yako, mzima kabisa kule analima?"

"Mama, naomba."

Mama alimwangalia mtoto aliyekuwa hajala tangu asubuhi, akalifunga pazia. Na Mwalimu Setsuko alipobisha hodi siku mbili baadaye, mama alimkaribisha, akampa kigoda na chai na kipande cha muhogo, akamwambia kwamba Editha amesafiri.

Mwalimu alishukuru kwa muhogo. Akaeleza, neno moja moja, kwamba timu imealikwa kwenye mashindano ya vijana Kampala, na kwamba wa kwanza kushika rungu ni Editha kama kawaida. Kwa hiyo naomba arudi, alisema. Akamtakia bibi afya njema. Kisha akaketi pale kigodani, kimya, kwa muda ambao si wa kawaida kwa mgeni aliyekwisha kumaliza chai, na nyuma ya pazia Editha alijishika mdomo kwa mikono miwili. Alikuwa anasubiri jambo, hata yeye hakujua ni jambo gani. Hatimaye Mwalimu akaaga.

Alirudi wiki iliyofuata. Akarudi tena. Kila mara ilikuwa chai, muhogo, salamu kwa bibi, ukimya mrefu, kwaheri. Kila mara Editha alijiapiza kwamba akija tena nitatoka. Na kadiri alivyokaa ndani, ndivyo kutoka kulivyozidi kuwa kugumu, kwa sababu sasa asingekuwa tu msichana aliyekwepa mpira, angekuwa pia msichana aliyemwuguza bibi asiyeumwa. Kisha Mwalimu hakuja tena, maana siku ya safari ilikuwa imefika.

Walikwenda Kampala pungufu ya mtu mmoja. Waliporudi, Yuliana alipitia sokoni kununua mahitaji ya nyumbani, akamkuta Editha kwenye meza ya mama yake anamenya vitunguu. Walitazamana. Editha alifungua mdomo kusema kwamba amefika jana tu kutoka Mbinga. Yuliana alinunua vitunguu vyake, akasema asante, akaondoka. Angemzaba kofi ingekuwa nafuu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Editha alimaliza shule bila kukanyaga tena uwanja ule. Editha akimwona Mwalimu kwa mbali, alipita njia nyingine, na kwa kuwa hakuwahi kuwa katika darasa lake la hisabati, aliweza. Muda wa Mwalimu ukaisha, akaagwa kwa ngoma na keki, Editha hakuhudhuria. Akajifunza ushonaji kwa fundi mmoja wa Ukonga. Bibi wa Mbinga alifariki miaka michache baadaye, kwa uzee tu, lakini Editha alilia msibani kuliko wote, na hakuna aliyejua sababu. Hata leo hamruhusu mtu wa kwake kusingizia ugonjwa, hata mafua.

Yuliana naye akawa mwalimu wa michezo kwenye shule ileile. Siku moja aliingia kwenye fremu ya Editha na mfuko wa vitambaa, akasema, "Mambo? Nataka bukta za wasichana wangu, na usinibanie," utadhani waliachana jana. Tangu hapo urafiki ulirudi, ingawa ulirudi na kovu. Waliongea kila kitu isipokuwa hicho.

Ndiyo maana Ijumaa hii simu ya Yuliana ilipoingia, Editha aliacha cherehani inazunguka peke yake.

"Dada, Mwalimu kaja."

"Mwalimu gani?"

"Usijifanye hujui. Setsuko. Kaja kututembelea, Jumatatu anarudi kwao. Mzee sasa hivi, anatembelea fimbo. Kesho asubuhi yupo uwanjani na wasichana wangu. Kakuulizia wewe wa kwanza." Yuliana akashusha sauti. "Mie sijamwambia chochote. Ila Editha, kwa umri ule haji tena. Ukiendekeza zile ishu zako kesho, imekula kwako moja kwa moja."

Siku nzima Editha alishona na kufumua. Alipachika mfuko wa shati mgongoni. Alijua anachotaka: kabla mama yule hajapanda ndege, asikie kutoka kinywani mwake mwenyewe kwamba hakukuwa na bibi mgonjwa, kwamba alikuwa mle ndani, na amwombe radhi. Alipanga maneno. Nilikosa, Mwalimu. Nilikuwepo. Yalikuwa maneno machache.

Asubuhi alivaa gauni lake la kanisani na kwenda Temeke. Uwanja ulikuwa umewekewa uzio, na chokaa ya vituo ilikuwa mpya. Mwalimu Setsuko aliketi kwenye benchi, amepungua, kofia imemzidi kichwa, fimbo katikati ya magoti. Alipomwona Editha alisimama, na kusimama kwenyewe kulimchukua muda.

"Shikamoo, Mwalimu," Editha alisema, akapiga goti.

"Marahaba, Editha." Alimkagua juu mpaka chini. "Umenenepa. Vizuri sana."

Kiswahili chake kilikuwa kimeshika kutu. Aliyatafuta maneno, na mengine alimwuliza Yuliana aliyekaa kando yake. Lakini aliwaita wasichana wote, akawakusanya, akamshika Editha begani. "Huyu," alisema, "nimefundisha watu wengi. Kwetu, na hapa. Macho kama haya sijaona. Huyu anafika." Wasichana walimtazama fundi wa sare zao kwa mshangao, maana walimjua kwa sindano mdomoni tu. Wakampigia makofi. Mmoja aliyejaliwa mdomo, Jenipher, akauliza kama ndiye yule Lifti anayesimuliwa, na makofi yakazidi.

Kila pigo la makofi hayo lilimwongezea Editha mzigo. Alitamani wamzomee, ingekuwa rahisi kuanza.

Wasichana waliporudi kwenye mazoezi, walibaki benchini watatu, Mwalimu katikati. Editha alivuta pumzi.

"Mwalimu, kuna jambo. Wakati ule, ulipokuja nyumbani Buguruni. Bibi hakuwa mgonjwa. Mimi sikusafiri. Nilikuwa ndani, nyuma ya pazia. Nilikusikia. Nilikosa, Mwalimu, nisamehe."

Aliyasema polepole, apate kueleweka, akiangalia chini. Yuliana aligeuza uso upande wa uwanja.

Mwalimu Setsuko hakushtuka. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Raba zako zilikuwa mlangoni. Nyeupe. Safi. Kila nilipokuja, zilikuwa mlangoni."

Editha aliinua uso.

"Sasa mbona... mbona hukusema kitu, Mwalimu?"

Mama yule alifikiri. Alikuwa anatafuta maneno mbali, na aliyaleta moja moja. "Kwetu, mtu akijificha, tunageuza uso. Hatusemi, nakuona. Ni aibu kwake. Tunakaa, tunasubiri. Akiwa tayari, atatoka mwenyewe. Nikakaa. Nikanywa chai. Chai ya mama ilikuwa na sukari nyingi sana." Alicheka kidogo. "Nafasi yako sikumpa mtu. Mpaka asubuhi ya safari, nilisubiri kwenye basi. Dereva alikasirika. Halafu nikasema, sawa. Editha hataki. Si vizuri kumlazimisha mtu asiyetaka."

"Nilitaka!" Editha alisema, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Kisha yakafuatana, haraka haraka, na machozi juu yake, Kiswahili cha Buguruni ambacho hakuna kitabu kinachokifundisha. "Nilitaka Mwalimu, nilitaka kufa! Mie nilikuwaga nasubiri uniite. Huku kwetu mtu akijifichaga kwa aibu hatoki mwenyewe, atatokaje? Anaitwa, anagombezwa, anavutwa mkono, watu wanasema hebu toka huko acha ujinga, ndo anatoka analia anapewa chakula yameisha! Nilikaa mle ndani nasema leo atalivuta lile pazia, leo atalivuta. Ungeniita tu Mwalimu. Ungesema Editha mara moja, moja tu, ningetoka mbio. Mie nilijua umekaa kimya kwa sababu umeamini. Ningejua umeziona raba! Kumbe ulikuwa pale, na mie nilikuwa pale, miaka yote hii, Mungu wangu, kwa nini hukuniita?"

Mwalimu Setsuko alimsikiliza mpaka mwisho, mdomo wazi kidogo, macho yanahangaika usoni mwa Editha yakitafuta pa kushika. Alikuwa amesikia neno Mwalimu. Labda na neno pazia. Akamgeukia Yuliana kwa wasiwasi.

"Anasema nini? Haraka sana. Anasema nini?"

Yuliana alimtazama mama yule, shingo nyembamba ndani ya kola iliyolegea. Kisha akamtazama Editha, kwa muda, na katika miaka yote ya kujuana kwao hawakuwahi kutazamana namna ile.

"Anasema," Yuliana alijibu, polepole, kwa Kiswahili cha kitabuni kabisa, "anakushukuru kwa sababu ulimsubiri."

Uso wa Mwalimu Setsuko ukakunjuka wote. Alitabasamu, akauchukua mkono wa Editha akaupapasa, na Editha, kamasi zinamtoka, akaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo alivyosema.